Sura ya Nne Haifutwi

Profesa Mozammel Haque alikuwa na desturi ya kusahihisha kazi kwa kalamu ya kijani, kwa sababu nyekundu, alisema, inawatisha watoto. Dilruba Khanam alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, ana shahada ya uzamivu, anafundisha anthropolojia ya tiba kwa mwaka wa sita sasa, na bado siku aliporudishiwa ripoti yake alijiona mtoto. Sura ya nne yote ilikuwa kijani.

"Kaa, mwanangu," Profesa alimwambia. "Kunywa chai kwanza."

Dilruba hakukaa. Alifunua kurasa akiwa amesimama. Mahali pote alipoandika "dawa haikupatikana," Profesa alikuwa amepiga mstari na kuandika juu yake, kwa mwandiko wake mzuri wa Kibangla, "mwamko haukupatikana."

"Mwamko, Profesa?"

"Mwamko. Uelewa. Watu wa vijijini wanaumwa na nyoka, wanakimbilia kwa mganga, wanachelewa hospitali, wanakufa. Ndicho Idara ya Afya inachotaka kusikia, na ndicho itakachotengea mradi. Tutapata semina, mabango, na ajira kwa wanafunzi wetu kumi."

"Lakini sicho nilichokikuta."

"Najua ulichokikuta. Nimekisoma mara mbili." Alivua miwani akaisugua kwa ncha ya shati. "Ni kazi nzuri sana, Dilruba. Ndiyo maana nataka ipone. Na usaili wako wa kazi ya kudumu ni baada ya siku kumi na mbili. Unajua nani ni mwenyekiti wa jopo."

Alikuwa ni yeye mwenyewe, Profesa.

Dilruba alitoka mle ofisini na ripoti yake kwapani, chai ikibaki mezani inapoa.

Kazi yenyewe ilikuwa imemchukua miezi minane. Idara ya Afya ilikuwa imekiomba chuo kichunguze kwa nini watu wanaoumwa na nyoka kando ya mto Padma wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, au hawafiki kabisa. Wakubwa walikuwa wameshajijibu kabla ya kuuliza: waganga. Dilruba naye, tuseme ukweli, alikwenda kijiji cha Kolmidanga akiwa na jibu hilo hilo mkobani, ila lilikuwa limevaa maneno ya kisomi.

Mganga wa nyoka wa Kolmidanga aliitwa Nowsher Ali. Dilruba alitegemea kukuta mzee mwenye hirizi na moshi. Alichokikuta ni fundi wa baiskeli wa miaka hamsini na kitu, meno mekundu kwa tambuu, amechuchumaa chini ya turubai sokoni anaziba pancha.

"Wewe ndiye mganga?" Dilruba alimuuliza.

"Inategemea. Wewe ndiye nyoka?"

Wauza samaki waliokuwa jirani walicheka mpaka mmoja akaangusha mzani. Dilruba alicheka nao, na tangu siku hiyo akawa na kigoda chake pale chini ya turubai. Nowsher alimweleza bila kujificha. Baba yake alikuwa mganga, na yeye alirithi nyimbo na mizizi. Aliyeumwa na nyoka asiye na sumu alimwimbia, akamfunga kitambaa, akampa maji, akamrudisha nyumbani amefurahi.

"Na aliyeumwa na swila?"

"Huyo simwimbii. Natazama kope. Kope zikianza kuanguka, hakuna wimbo utakaozinyanyua. Namtia kwenye bajaji ya betri tunakwenda kituo cha afya. Mimi mwenyewe. Wengine nimewapeleka wakiwa wamenitapikia mapajani, dada. Sasa niulize tunakuta nini huko."

Dilruba aliuliza. Aliuliza kwa Nowsher, kisha akaenda nyumba kwa nyumba, familia arobaini na moja, akikaa jikoni na vibarazani, akila bisi za mchele kwa pilipili na vitunguu kwa sababu kukataa ni matusi. Aliandika kila mtu alivyosema, saa ngapi aliumwa, saa ngapi alifika, nani alimpokea, aliambiwa nini. Familia ishirini na tisa kati ya hizo zilifika kituo cha afya ndani ya saa moja na nusu. Hawakuchelewa. Walifika, wakaelekezwa mjini, mwendo wa saa mbili na zaidi, bila kuchomwa sindano hata moja.

Na kulikuwa na Jahura.

Jahura alikuwa mwanamke mwembamba, mke wa mkulima wa mtama na jute, ule mmea wa nyuzi za magunia, mwenye sauti ya chini. Binti yake, Moyna, miaka kumi na mmoja, alikuwa anavuta vijiti vya jute nyuma ya jiko asubuhi moja ili mama apike, swila akamuuma kifundo cha mkono. Jahura alimbeba mgongoni akakimbia kilomita nzima juu ya tuta la mto mpaka kwa Nowsher. Nowsher alitazama kope, akatupa koleo, wakapanda bajaji. Dakika ishirini na tano wakawa kituoni. Kabati la dawa lilikuwa limefungwa. Mtunza stoo alikuwa kwenye harusi ya binamu yake, na ufunguo mfukoni. Moyna alifia njiani kwenda mjini, mbele ya tanuri la matofali, kichwa kikiwa kwenye paja la mama yake.

Kwenye daftari la kituo waliandika: *Alicheleweshwa kwa mganga wa kienyeji.*

Jahura hakujua kusoma, lakini alisomewa, na maneno yale yalikuwa yamemkaa kifuani kama mfupa. Siku ya mwisho ya mazungumzo yao alimshika Dilruba mkono.

"Wewe unaandika kitabu?"

"Ripoti, dada. Itasomwa na wakubwa."

"Basi andika kwamba nilikimbia. Sitaki kingine. Waandike kwamba mama yake alikimbia."

Dilruba aliandika. Ilikuwa sura ya nne.

*

Sasa, baada ya chai ile isiyonywewa, alirudi chumba alichokuwa akitumia pamoja na wahadhiri wengine wawili wa mkataba, akafungua kompyuta. Nani angemlaumu? Miaka sita ya kusaini mkataba wa miezi kumi na moja, ili chuo kisilazimike kumpa likizo. Miaka sita ya kufundisha madarasa ambayo maprofesa hawayataki, ya saa mbili asubuhi na ya Jumamosi. Mama yake alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe "atapata ya kudumu mwezi ujao," na majirani walikuwa wameshaanza kutabasamu vibaya.

Akaiamuru kompyuta ibadilishe. *Dawa haikupatikana* iwe *mwamko haukupatikana.* Sehemu thelathini na moja. Akabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Akashuka kusoma. Akafika kwenye maneno ya Jahura, ambayo aliyanakili neno kwa neno: *"Nilipiga kelele, muuguzi akaja mbio akatuambia mwamko haukupatikana, kabati limefungwa, tumpeleke mtoto mjini."*

Dilruba alisoma mara ya pili. Kisha akaanza kucheka. Alicheka peke yake mle chumbani mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kicheko. Alimwona akilini muuguzi amefungua mikono miwili mlangoni: poleni, mwamko umetuishia, jaribuni mjini.

Akarudisha kila kitu kilivyokuwa. Akachapa nakala mbili, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Profesa, akaziweka mezani.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Mwaka wangu wa kwanza ulisimama mbele ya darasa, ukatuambia usimtie mtu maneno mdomoni. Nililiandika kwenye jalada la daftari langu."

"Lile lilikuwa darasani."

"Na hapa ni wapi?"

Profesa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Dilruba. Ujanani mwake alikuwa amelala miezi vijijini wakati wa kipindupindu, akibeba wagonjwa mabegani. Ndiye aliyemtafutia Dilruba nafasi ya uzamivu pale baba yake alipofariki.

"Nina wanafunzi hamsini," alisema mwishowe. "Kila mmoja anahitaji kibali cha Idara ya Afya ili aingie wodini. Ukiwaita waongo leo, kesho nani atawafungulia mlango? Fikiria hao kabla hujafikiria ushujaa wako."

"Sijawaita waongo. Nimeandika kwamba kabati lilifungwa."

"Ni kitu kile kile, Dilruba, na wewe unajua."

*

Ripoti iliwasilishwa siku ya Jumatano, ukumbi wa ofisi ya wilaya, chini ya feni nne zilizokuwa zikizunguka kwa uvivu. Walikuja maofisa wa afya, madaktari wawili, wauguzi waliopangwa kwenye viti vya nyuma, na watu wachache wa Kolmidanga walioalikwa kama "wawakilishi wa jamii," kila mmoja na boksi lake la wali na kuku mapajani. Nowsher alikuwamo, amevaa shati lililonyooshwa. Jahura alikaa kando yake, mtandio umevutwa mpaka kwenye nyusi.

Juu ya kila kiti palikuwa na kijitabu kipya, kinanukia wino. Dilruba alikifungua. Sura ya nne ilikuwepo, na jina lake lilikuwepo juu yake. Mstari wa kwanza: *Kikwazo kikuu ni ukosefu wa mwamko miongoni mwa jamii.* Maneno ya Jahura hayakubadilishwa. Yalikuwa hayapo.

Alitazama meza kuu. Profesa alikuwa anapanga karatasi zake, hakumtazama.

Mkurugenzi wa mradi wa Idara ya Afya, Bwana Tofazzal, mtu mnene mwenye sauti ya redio, alizungumza dakika arobaini. Kisha akasema, "Na sasa dada yetu, Daktari Dilruba, atatueleza kwa ufupi kuhusu imani potofu. Dakika tano, dada."

Dilruba alisimama nyuma ya kipaza sauti. Alitoa mkobani nakala yake mwenyewe.

"Waheshimiwa, sura ya nne mliyoishika ina jina langu, lakini sikuiandika mimi. Ninayo niliyoiandika. Nitaisoma."

Alianza kusoma. Familia arobaini na moja. Ishirini na tisa zilifika ndani ya saa moja na nusu. Alisoma saa za kufika, moja baada ya nyingine.

"Dada," Bwana Tofazzal alisema kutoka mezani, akitabasamu kwa meno tu, "muda wetu ni mdogo."

"Sijamaliza dakika ya pili, Bwana Mkurugenzi."

Akaendelea. Kipaza sauti kikakohoa, kikafa. Mtu alikuwa amechomoa waya. Dilruba alikigonga kwa kidole mara moja, akakisukuma pembeni. Wasichokijua ni kwamba kwa miaka sita alikuwa akifundisha wanafunzi mia moja na hamsini katika ukumbi usio na umeme nusu ya wiki. Alijaza pumzi, akapaza sauti ile ile ya Jumamosi asubuhi, sauti inayowaamsha waliolala safu ya mwisho.

"Mama wa marehemu anasema: *Nilimbeba mgongoni, nikakimbia juu ya tuta mpaka kwa Nowsher. Sikusimama hata nilipoangusha kiatu. Nowsher hakuimba. Tulifika kituoni kabla ya saa tatu. Nilipiga kelele, muuguzi akaja mbio akatuambia dawa haikupatikana, kabati limefungwa.*"

"Inatosha!" Bwana Tofazzal alisimama. Akatupa macho viti vya nyuma, akampata aliyekuwa anamtafuta. "Wewe pale, mwenye tambuu. Si wewe ndiye mganga mwenyewe? Ndiye unayewachelewesha watu mpaka wanakufa, halafu mwalimu wa chuo kikuu anakutetea!"

Nowsher aliweka boksi lake la wali chini ya kiti taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga. Akasimama.

"Mimi ndiye niliyeuliza ufunguo uko wapi, bwana."

Hakuna aliyecheka.

"Niliuliza mara nne siku ile," Nowsher aliendelea. "Wewe ni mkubwa, umesoma. Labda leo utanijibu. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Hapa si mahali pa..."

"Ulikuwa harusini," alisema mtu.

Watu waligeuka. Muuguzi wa makamo kwenye safu ya nyuma alikuwa amesimama, mikono ameibana kwenye mkoba wake. Dilruba alimtambua; ndiye aliyewapokea akina Jahura. Katika ripoti alimwandika "muuguzi mmoja" tu, akabadilisha hata zamu yake ili asijulikane. Alimtazama akimwomba kwa macho akae chini. Yule mama hakukaa.

"Nilikuwa zamu," alisema. "Mtunza stoo alikuwa harusini na ufunguo. Nilijaribu kuvunja kufuli kwa chuma cha kitanda, nikashindwa. Makovu haya hapa. Daftari sikuliandika mimi, na mtoto hakucheleweshwa na mtu. Nimeshasema. Nipelekeni mnakotaka."

Akaketi. Ndipo Jahura, ambaye kwa miezi minane Dilruba hakuwahi kumsikia akipaza sauti, alipovuta mtandio nyuma ya kichwa na kusimama.

"Mimi ndiye mama yake," alisema. "Mwalimu, endelea kusoma. Hawa watasikiliza."

Na Dilruba akaendelea, bila kipaza sauti, mpaka mwisho wa sura. Maofisa watatu walitoka. Bwana Tofazzal alibaki, kwa sababu kulikuwa na mwandishi wa gazeti la wilaya aliyekuwa anaandika kwa haraka sana.

Nje, chini ya ngazi, Profesa alimkuta anatafuta viatu vyake kati ya vilivyovuliwa hapo.

"Umeniangusha," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mbele ya watu wote."

"Umelitia jina langu kwenye uongo, Profesa."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ni wewe uliyenifundisha kazi hii."

"Usinitwike hilo," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Hilo usinitwike, mwanangu."

Akaingia ndani ya gari la chuo, likaondoka. Dilruba alirudi na watu wa Kolmidanga kwenye bajaji, wamebanana sita. Nowsher alifungua boksi lake la wali lililopoa akampa kipande cha kuku, akamwambia ale, kwa sababu mtu mwenye sauti kama ile lazima atakuwa na njaa.

*

Alikwenda kwenye usaili. Wenzake walimwambia asijisumbue, lakini alikwenda, amevaa sari ya pamba ya kijani kibichi. Watu watano nyuma ya meza, Profesa katikati. Walimuuliza maswali ya kawaida. Kisha mmoja, mtu kutoka ofisi ya utawala, akainamisha kichwa kando.

"Daktari Dilruba, kama ungepewa nafasi ya kurudia Jumatano ile, kuna jambo ungelifanya tofauti?"

"Ndiyo," Dilruba alisema. "Ningempigia yule muuguzi simu siku moja kabla, nimwombe asije. Kwa mengine, hapana. Na nina ombi. Jina langu liondolewe kwenye kijitabu."

Aliweka barua mezani, akaisogeza mbele ya Profesa. Profesa aliisoma yote, ingawa ilikuwa mistari mitatu. Akatoa kalamu, akasaini kwamba imepokelewa na kukubaliwa. Nafasi alipewa kijana kutoka mji mkuu.

Mkataba wake uliisha Juni. Siku ya kuhamisha vitabu, wanafunzi kumi na tisa wa darasa la Jumamosi walikuja kumbebea. Walikuwa wameshaipiga chapa sura yake yote ya nne na kuichapisha kama kijarida kwa mashine ya duka la mbele ya lango, na wakawa wanaigawa kantini kwa kila aliyekwenda kununua sambusa. Mkuu wa kitivo aliagiza nakala zikusanywe. Wakachapisha nyingine.

Muuguzi alihamishiwa kituo cha mbali. Dilruba alimwendea, akamwomba radhi, na yule mama alimwangalia kwa mshangao kidogo akasema, "Kwani ulinisimamisha wewe? Nilisimama mwenyewe. Usininyang'anye hata hicho." Dilruba alirudi nyumbani na maneno hayo na hakuyasahau.

Kuhusu kituo cha afya, hapakuwa na tume wala mtu aliyejiuzulu. Gazeti la wilaya liliandika safu moja ukurasa wa tatu. Lakini kabati lilitengenezewa ufunguo wa pili, ukatundikwa kwenye chumba cha muuguzi wa zamu. Na katikati ya msimu wa mvua, Nowsher alipiga simu, kelele za soko zikiwa nyuma yake.

"Dada! Nimempeleka mtu leo. Mvuvi. Kope zimeanguka kabisa. Wamefungua kabati! Yuko hai, anaomba sigara."

"Alhamdulillahi."

"Ila wametukalisha nusu saa kwanza wanajaza karatasi. Nusu saa! Nimewaambia nyoka hajui kusoma."

"Mlifika saa ngapi hasa?" Dilruba alimuuliza, huku mkono ukitafuta kalamu.

Mwezi wa Septemba alipata kazi ya siku tatu kwa wiki katika chuo kidogo cha wauguzi, safari ya treni ya asubuhi, mjini kwingine. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe sasa anafundisha madaktari, jambo ambalo halikuwa kweli, na Dilruba alimwacha.

Siku ya kwanza aliingia darasani akakuta wasichana thelathini na wanne wenye sare nyeupe, nywele zimebanwa kisawasawa, kalamu tayari. Hakuwaambia chochote kuhusu nyoka.

"Mgonjwa ameletwa amechelewa," alisema. "Mnaandika nini kwenye daftari?"

"Amechelewa kuletwa, Mwalimu," walijibu pamoja.

"Mmemuuliza alikuwa wapi?"

Wakatazamana.

"Kila mmoja wenu, wiki hii, atamuuliza mgonjwa mmoja alipita wapi kabla ya kufika hapa, nani alimkuta, aliambiwa nini. Ataandika kama alivyoambiwa. Neno kwa neno. Asiongeze la kwake."

Msichana wa safu ya tatu, mwenye miwani mikubwa, aliinua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena.

"Mwalimu, na kama msimamizi wa zamu atatukataza kuuliza?"

"Unaitwa nani?"

"Shirin, Mwalimu."

"Shirin, msimamizi akikukataza, muulize na yeye kwa nini anakukataza. Halafu liandike jibu lake pia."

Darasa likacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti. Dilruba aligeuka ubaoni akaanza kuandika somo.